Randa 36 kwenye cheni moja

Aliyeona kwanza ni mama mwenye nyumba. Alikuwa amekaa barazani kwake Kimara akichambua mchicha, na mimi nipo chini ya mwembe wake na chenso, msumeno wa injini, mikononi, robo saa nzima nahangaika na tawi ambalo lingeanguka kwa dakika mbili. "Mwanangu," akaniita, "mbona huo mti unatoa moshi?" Nikamjibu, "Mama, mwembe ukizeeka unakuwa mgumu." Nilisema hivyo nikiamini kabisa. Lakini mwembe si mti mgumu.

Mjomba alifika baadaye, kamba begani. Ndiye aliyeniingiza kwenye kazi hii ya kukata na kupunguza miti mjini mwaka 2015, na hakuwa mtu wa kugomba. Aliinama, akachota kile kilichomwagika chini ya tawi, akakisugua kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha akanifungulia kiganja.

"Mjomba, hiki ni nini?" akaniuliza.

"Vumbi la mti," nikajibu.

"Ni unga. Chenso yenye makali haitoi unga, inatoa maranda. Zima mashine."

Nikazima. Akaangalia meno mawili matatu juani, akasema matawi yaliyobaki tutayashusha kwa msumeno wa mkono, na kesho yake tusiende kazini, twende Keko.

Nilidhani tunakwenda kununua kitu. Keko, kwa asiyeijua Dar es Salaam, ni mtaa wa maseremala: vitanda, makabati na makochi yanatengenezwa hadi kando ya barabara. Mjomba alimfuata fundi mmoja aliyekuwa akipiga randa ubao wa mninga, wakasalimiana, akamwomba nisimame nitazame. Fundi yule alikuwa mkarimu, akaniona nina kiu ya kujua, akanionyesha makusudi. Kwanza alikichomoza kisu cha randa kupita kiasi: randa ikagota, ikatetema, ikanyofoa ubao. Akakizamisha: randa ikateleza tu juu ya mti, ikiacha vumbi. Kisha akakiweka kichomoze unene wa karatasi, akasukuma mara moja. Maranda yakatoka marefu, yamejikunja, mepesi hata upepo wa feni ukayabeba.

"Kisu ni kilekile," Mjomba akasema. "Hajakinoa hapo katikati. Umeona?"

Hilo ndilo nililokuja kulisema, na ningependa kila anayeshika chenso alielewe kabla hajashika tupa. Jino la chenso si jino la msumeno, ni randa. Lina kisu, ambacho ni ukingo wa mbele wa paa la jino, na mbele ya kisu hicho kuna kinundu cha chuma kinachofanya kazi ya uso wa chini wa randa: kinaamua kisu kizame kiasi gani. Cheni ninayotumia sasa ina viungo 72 vile vinavyotembea ndani ya mfereji wa bapa, ule upanga wa chuma unaozungukwa na cheni, na meno 36, yaani 18 ya kushoto na 18 ya kulia. Ni randa 36 zinazofuatana mstari mmoja, na injini ikiwa imechanganya zinapita kwenye mti kwa kasi ya zaidi ya mita 20 kwa sekunde. Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Hapa visu ni 36, na haitoshi viwe vikali. Viwe vikali sawasawa na vizame sawasawa.

Umbo hilo la jino lina historia ninayoipenda. Cheni za zamani zilikuwa na meno ya kukwaruza, kama ya msumeno wa kawaida, na kuyanoa kulikula muda mwingi. Mwaka 1946 mkata magogo wa jimbo la Oregon, Marekani, Joseph Buford Cox, alikuwa akipasua kuni alipoona buu la mdudu mtoboa mbao likila ndani ya kisiki. Lilikuwa nene kama kidole, na lilikwenda kushoto na kulia, likifuata nyuzi za mti au kuzikata, bila taabu yoyote. Cox akaangalia taya zake: mbili, zimejipinda kama herufi C. Akaliiga umbo lile kwa chuma, jino moja la kushoto na moja la kulia, na mwaka 1947 akaanza kuuza cheni. Karibu kila cheni unayoiona leo ni mjukuu wa ile. Mimi nikipasua tawi la mwembe lililotobolewa nikakuta buu ndani, naanza kumwangalia taya.

Sasa tunoe.

Sinoi nikiwa nimepakata mashine. Nyumbani nalibana bapa kwenye jiliwa. Nikiwa kazini nakata mfereji kwenye kisiki na kulizamisha bapa humo, linatulia. Injini imezimwa, glavu mkononi, na cheni nimeikaza zaidi kidogo kuliko ya kukatia ili jino lisiyumbe chini ya tupa. Tupa ni ya mviringo, na unene wake lazima uendane na cheni. Cheni hutajwa kwa nafasi ya viungo vyake, kwa inchi. Cheni ndogo ya 3/8 ya mashine nyepesi inataka tupa ya milimita 4.0. Ile ya .325, inayokuja na mashine nyingi za bei nafuu zinazouzwa Kariakoo, inataka 4.8. Ya 3/8 kubwa inataka 5.2 au 5.5, kutegemea aliyeitengeneza. Muuzaji akikupa "tupa ya chenso" bila kukuuliza ni cheni gani, muulize wewe. Tupa nyembamba mno huzama chini ya paa na kulichonga jino kama ndoano: linakata vizuri ajabu kwa muda mfupi, halafu ukingo wake unameguka. Tupa nene mno hupanda juu, jino likawa na paji la kuteleza, halishiki mti.

Kabla ya yote naligeuzia jino jua. Ukingo butu unarudisha mwanga, na ukiangalia vizuri utaona uzi mweupe umetambaa kwenye ncha ya paa na kushuka kwenye kona. Uzi huo ndio ubutu wenyewe, unauona kwa macho. Ukingo mkali hauna uzi, kwa sababu hauna upana wa kurudishia mwanga. Mjomba hakuwahi kunionyesha kipimo kizuri kuliko hicho, na hakihitaji hata senti.

Naweka tupa kwenye koo la jino, lile pango lililo chini ya paa, kiasi cha moja ya tano ya unene wake ikichungulia juu ya paa. Nalenga pembe ya digrii 30. Meno mengi yamechorwa mstari mdogo kwa nyuma wa kukuongoza. Nasukuma kutoka ndani ya jino kwenda nje, mkono mwepesi, na wakati wa kurudi nainua tupa. Tupa inakata inapokwenda tu. Ukiikokota kurudi unayaua meno yake. Msukumo wa kwanza una sauti kavu ya kukwaruza. Wa pili sauti inalainika. Wa tatu, kama jino halikuumia sana, tupa inakwenda kwa mlio mmoja mrefu, na ukiligeuzia jua tena, uzi mweupe haupo. Mitatu, basi. Naruka jino la upande wa pili, naenda linalofuata la upande huu, mitatu. La kwanza nililipaka makapeni ili nikilifikia nijue nimemaliza mzunguko. Kisha nahamia upande mwingine.

Kwenye kuhesabu hapo ndipo mimi nilipokosea kwa karibu miaka miwili. Natumia mkono wa kulia. Upande mmoja wa cheni tupa inakaa vizuri mkononi, nasukuma kwa nguvu na kwa raha. Upande wa pili mkono unajikunja, nasukuma kwa woga. Nilikuwa nikihesabu mitatu kote, na hesabu ilikuwa sahihi, ila mitatu ya upande mmoja ilikuwa ikila chuma zaidi. Siku moja Mbezi tunakata kigogo cha mkorosho, bapa likaanza kuinama lenyewe kuelekea kulia, mkato ukawa umepinda kama mundu, na katikati ya gogo likabanwa. Nililaumu bapa. Nikalibadilisha kwa pesa ya kazi ya wiki nzima. Mkato ukaendelea kupinda.

Mjomba alipochukua vernia, kipimo cha urefu mdogo, ya fundi wa jirani na kupima, meno ya kulia yalikuwa marefu kuliko ya kushoto kwa milimita moja na nusu hivi. Meno marefu yamesimama juu zaidi, yanakula zaidi, kwa hiyo cheni inavutwa upande wao. Ilibidi tuyapunguze marefu mpaka yalingane na jino fupi kuliko yote, mchana mzima, na chuma kile kilichoishia kwenye unga wa tupa kilikuwa kazi za miezi ambazo cheni ile isingezifanya tena. Tangu siku hiyo natafuta kwanza jino fupi kuliko yote, hilo ndilo linalotoa amri. Na upande ule wa mkono kujikunja naugeuza mwili mzima, sigeuzi kiganja.

Pembe ya digrii 30 ni ya kazi ya kawaida. Kwa mti mgumu na mkavu kama mkwaju nashuka hadi 25, makali yanadumu zaidi ingawa mkato unakuwa wa polepole. Wanaochana mbao kwa kufuata urefu wa gogo wanatumia pembe ndogo zaidi, digrii 10 hivi, na uso wa ubao unatoka laini. Mimi sichani mbao, nawaachia wenyewe.

Turudi kwenye vinundu, maana hapa ndipo wengi wananoa vizuri na bado mashine haikati. Paa la jino limeinamia nyuma. Kila unaponoa, jino linarudi nyuma na kimo chake kinapungua, lakini kinundu kimebaki palepale kilipokuwa. Ukishanoa mara kadhaa, kinundu na kisu vinakaribia kulingana. Hapo jino linaweza kuwa kali la kunyolea ndevu na bado likateleza juu ya mti, kama ile randa ya Keko fundi alipokizamisha kisu. Mtu anaanza kuigandamiza mashine, mikono inakufa ganzi kwa mtetemo, petroli inaisha, na anadai cheni ni mbovu.

Tofauti ya kimo kati ya kisu na kinundu kwa cheni nyingi ni milimita 0.65. Huwezi kuikisia kwa jicho. Kuna kipande cha chuma chenye tundu, unakilaza juu ya meno, kinundu kikichomoza kwenye tundu unakishusha kwa tupa bapa mpaka kilingane, kisha unaiviringisha kidogo kona yake ya mbele ili isijikwae kwenye mti. Mimi nakagua kila baada ya kunoa mara tatu au nne.

Tuliwahi kuwa na kijana wa deiwaka aliyependa kazi na alikuwa na haraka ya kujifunza. Aliposikia habari ya vinundu, akavishusha kwa jicho, vyote, "ili ile vizuri". Tulikuwa Msasani kwenye mkungu. Mashine ilianza kung'ata na kugota, inavuta mikono, na alipokuwa akihamisha bapa, sehemu ya juu ya ncha yake ikagusa tawi la nyuma ambalo hakuliona. Bapa likaruka kumfuata usoni kwa muda mfupi kuliko kope kupepesa. Breki ya cheni ikafunga, likasimama karibu na kofia yake. Alikaa chini ya ukuta na hakusema neno mpaka tulipomletea maji. Ncha ya bapa ni hatari na cheni yoyote, ila kisu kikichomoza mno hatari inaongezeka. Cheni ile Mjomba aliikata vipande kwa tindo siku hiyohiyo ili asiichukue mtu.

Kuhusu mashine za kunolea za jiwe, nina msimamo mkali. Fundi mmoja mjini alininolea cheni kwa dakika tano, meno yanang'aa, nikafurahi. Kwenye paa za meno kulikuwa na rangi ya bluu kama ya oili juu ya maji. Bluu ile ni chuma kilichoungua, kimepoteza ule ugumu kiliopewa kiwandani. Makali hayakumaliza tangi moja la petroli, na nilipotaka kuyarudisha kwa tupa, sehemu nyingine zilikuwa laini na nyingine tupa inateleza tu. Jiwe likitumiwa na mtu mvumilivu, kwa kugusa na kuachia, linafaa kwa cheni iliyoumia sana. Kwa kunoa kwa kila siku, tupa inatosha.

Na kunoa kwa kila siku ndiko kunakofanya cheni idumu, ingawa kwa kusikia inaonekana kinyume. Paa na ubavu wa jino vimepakwa tabaka jembamba la kromi, gumu kuliko chuma kilicho chini yake, na tabaka hilo ndilo linaloshika makali. Ukinoa mapema, kila ninapojaza tangi kwa mfano, misukumo miwili inatosha na unakula chuma kidogo mno. Ukisubiri mpaka utoke unga, ukingo umeshaviringika na kromi imemeguka kwa nyuma, na hakuna njia isipokuwa kula jino mpaka uipite sehemu iliyoharibika. Misukumo 15, 20, mara meno 36.

Mji huu nao una maadui zake. Wa kwanza ni mchanga. Dar es Salaam tumejenga juu ya mchanga. Gogo likishaanguka na kuburutwa, ganda lake lote limejaa. Ncha ya cheni ikigusa ardhi kwa sekunde moja umemaliza kazi ya nusu saa ya tupa. Kwa hiyo tunaweka gogo juu ya magogo mengine, na kama ni kubwa tunakata karibu yote, tunalibingirisha, tunamalizia kutoka juu. Ganda lenye mchanga tunalifuta kwa brashi au tunalibandua kwa shoka pale mkato utakapopita. Mizizi ya chini sikati kwa chenso, naikata kwa shoka au mtaimbo. Mnazi una adui wake ndani: mbao yake ina chembe za silika, yaani mchanga wa aina yake, na ganda la nje ni gumu. Nikipewa minazi miwili kwa siku najua nitanoa mara nyingi kuliko kawaida, na bei yangu inalijua hilo.

Wa pili ni misumari. Tazama mti wowote wa kando ya barabara: bango la mganga, bango la vyumba vya kupanga, na chini yake misumari ya mabango ya miaka iliyopita, mti umeshaimeza. Miti ya mipakani ina seng'enge ndani. Sinza nilikata mwarobaini uliokuwa safi kabisa kwa nje, na ghafla cheche zikaruka. Meno matano yalipoteza kona zake. Siku hizi kabla ya kuwasha nauzunguka mti na kuupapasa kuanzia chini hadi kimo cha mtu na mkono wake, natafuta uvimbe, doa jeusi, kovu. Kwenye miti ya rangi hafifu chuma huacha doa la bluu au jeusi, na doa hilo limeniokoa mara nyingi.

Wa tatu tunamleta wenyewe: oili chafu. Wengi tunaitia kwenye tangi la oili ya cheni kwa kuwa ni bure gereji. Imebeba unga wa chuma kutoka kwenye injini ya gari, na imepungua ule mnato wa kuganda kwenye cheni, kwa hiyo inarushwa hewani na kuacha mfereji wa bapa mkavu. Kama oili ya cheni haipatikani, oili mpya ya injini ya SAE 30 ni afadhali mara mia. Kabla ya kukata naelekeza ncha ya bapa kwenye boksi la karatasi, napiga resi. Nikiona mstari wa matone nakata, nisipouona nazibua tundu la oili kwanza. Na jioni cheni ikiwa bado ya moto nailegeza, maana ikipoa inafupika na kubana ekseli ya injini.

Tupa nazo zinataka kulindwa na hewa ya pwani. Nazikung'uta, nazipiga brashi ya waya, nazifunga kwenye kitambaa kikavu, moja moja, zisisagane. Sizipaki oili, tupa yenye oili inateleza na kushika uchafu.

Mjomba sasa amepumzika kijijini. Akipiga simu, baada ya shikamoo na marahaba, swali lake la kwanza huwa, "Mjomba, unga au maranda?"

Kwenye paa la jino la cheni nyingi kuna mstari wa nyuma kabisa, ukiufikia cheni imeisha, jino likiendelea kufanya kazi linaweza kukatika na kuruka. Cheni yangu ya sasa imebakiza kunolewa mara mbili, tatu nikijitahidi. Kesho nina mvinje Kigamboni, na upepo wa baharini huwa umelijaza ganda lake mchanga, kwa hiyo nitaimalizia huko. Mpya nimeshainunua. Imelala kwenye kopo la oili jikoni tangu jana usiku, inywe mpaka kwenye ribiti.